Mama Donatus, Muuguzi wa Maua

Apolonia mke wa Nkwabi alirudi kutoka hospitali ya Kolandoto akiwa na mguu uliopona, mbegu za maua zilizofungwa kwenye kitambaa, na elimu ambayo kwetu Mwalugesha hakuna mtu aliyekuwa ameiomba.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini, pamba ilipokuwa imeanza kuwanunulia watu baiskeli, na vijana wetu wakienda kwenye machimbo ya Geita wakirudi na viatu na maneno mapya. Mwalugesha ni kijiji cha njia ya Kharumwa, watu wa ng'ombe, mtama na pamba. Ua kwetu lilikuwa kitu cha kupita tu. Likitoka kwenye mboga, unajua boga linakuja. Likitoka kwenye pamba, unajua pamba inakuja. Lile lisiloleta kitu nyuma yake lilikuwa la mbuzi.

Apolonia, ambaye sote tulimwita Mama Donatus kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mbuga. Kidonda cha mguu kilimpeleka Kolandoto, na huko akalazwa kitanda cha karibu na dirisha. Pale dirishani palikuwa na glasi ya maua. Kila asubuhi muuguzi mmoja wa Kizungu, aliyekisema Kisukuma kama mtu anayetafuna kiazi cha moto, alianza na maua ndipo akaja kwa watu. Alimwaga maji ya jana, akaosha glasi, akakata ncha za mabua kwa mshazari, akachuma majani ya chini yasizame, akatia maji mapya.

Mama Donatus alivumilia siku za kwanza, kisha akashindwa.

"Mayu," akamwambia, yaani mama, "sisi tunaoumwa tuko huku."

Muuguzi akacheka. "Na haya pia ni wagonjwa. Ua likishakatwa ni mgonjwa. Linataka maji safi, kivuli, na lisisumbuliwe. Ukilitunza litakaa."

Neno hilo lilimwingia Mama Donatus moyoni likakaa. Shida ni kwamba alilichukua lote kama lilivyo, bila kupunguza hata punje. Aliporudi nyumbani akapanda zile mbegu kando ya boma la minyaa, zikatoa maua ya rangi nyekundu, ya njano na ya urujuani, yenye vichwa vigumu kama vifungo vya koti. Akayakata ya kwanza, akayatia kwenye kopo, na kuanzia hapo nyumba ya Nkwabi ikawa wodi.

Asubuhi aliyapa chai. Si majani ya chai tu, chai kamili, yenye maziwa. Yalikufa kabla ya jua la utosi. Akajaribu uji mwepesi. Kopo likanuka hata kuku wakalikwepa. Akaona labda yanasikia baridi, akayafunika kanga. Akaona labda yanachoshwa na wageni, akaweka kopo chumbani na kuwakataza watu kuingia, akiwamo mwenye chumba. Nkwabi, ambaye alikuwa mtu wa ng'ombe, mkimya, asiyebatizwa na asiye na haraka ya kubatizwa, akakaa nje kwenye kigoda akisubiri mkewe apone ugonjwa huo kama alivyopona mguu.

Siku moja alirudi kutoka kwenye ngoma ya jirani, kichwa kinagonga kama kinu. Akapapasa juu ya kabati alipokuwa ameweka vidonge vyake vya aspirini, alivyovinunua duka la Mhindi. Hakuvikuta.

"Mama Donatus, dawa yangu ya kichwa iko wapi?"

"Nimeyapa maua."

Nkwabi akauliza tena, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba aliyelewa ni yeye na si mwenzake. "Umeyapa maua dawa ya kichwa?"

"Yalikuwa yameinamisha vichwa, Baba Donatus. Ungeyaona ungeyahurumia."

"Na mimi je?"

"Wewe umejiinamisha mwenyewe," akasema, akaenda kumchemshia maji.

Lakini lazima tumpe haki yake: alikuwa mtu wa kutazama. Ua likifa alitaka kujua lilikufa kwa nini, na hakudanganywa mara mbili na kosa lilelile. Aligundua kwamba maua yaliyokatwa kabla ya umande kukauka yalidumu kuliko yaliyokatwa adhuhuri. Kopo lililosuguliwa kwa majivu lilishinda kopo lililosuuzwa tu. Aligundua pia jambo la ndizi. Nkwabi alikuwa ameletewa mkungu na rafiki yake Mzinza, ukawekwa chumbani uive, na kadiri ndizi zilivyoiva ndivyo maua ya pembeni yalivyodondosha petali, ingawa alikuwa ameyatunza kama mfalme. Akaupeleka mkungu jikoni, akaleta maua mengine, yakakaa vizuri. Akaurudisha mkungu apate kuhakikisha. Yakadondoka tena. Kuanzia siku hiyo hakuna tunda bivu lililoruhusiwa kulala chumba kimoja na ua, na Nkwabi alikula ndizi zake kwa siri nyuma ya zizi.

Walipogombana kweli ilikuwa kwa ajili ya pamba. Asubuhi moja Nkwabi alikwenda shambani akakuta mstari mzima wa mipamba umenyongwa. Maua yote, yale ya manjano yanayogeuka kuwa mekundu siku ya pili, hayapo. Akarudi mbio, na Nkwabi si mtu wa kukimbia. Akayakuta mezani, ndani ya kibuyu kilichokatwa mdomo, yanang'aa.

"Mwanamke! Kila ua hapo ni tumba la pamba! Umeweka shati langu kwenye maji!"

Mama Donatus aliyatazama maua, akamtazama mumewe. Kwa kweli alikuwa hajafikiria. Akaomba radhi, na tangu hapo hakugusa pamba tena. Hata hivyo alituambia kisimani kwamba ua la pamba halina faida chomboni, maana linakuchangamsha leo na kesho linajikunja. "Kama mchumba wa machimbo," akasema.

Basi akawa anajulikana. Watu walimcheka, lakini katekista Marcel alipomwomba apambe altare ya kanisa letu dogo la udongo, hakuna aliyecheka. Kanisa lilipendeza. Padri, Mzungu mwenye ndevu aliyekuja kwa pikipiki kila alipoweza, alisimama mlangoni akavua kofia yake ya jua akasema, "Sasa hapa ni nyumba ya Mungu." Mama Donatus aliishi kwa neno hilo mpaka Noeli.

Baada ya Noeli ndipo ikaja harusi ya Philomena, binti wa katekista. Aliolewa na Athanas, dereva wa lori huko Geita, kijana mwenye mwanya na kofia aliyoivaa upande. Wazazi wa Athanas walikuwa wamekwisha kufariki, akaletwa na shangazi yake, Mama Bhoke, mama wa Kikurya aliyehamia Geita na mumewe mchimbaji. Mama Bhoke alikuwa mrefu, mkavu, na aliogopa vitu viwili tu duniani, bundi na dalili mbaya. Alipofika Ijumaa akaoneshwa maua: mitungi miwili iliyojaa, nyekundu na njano na urujuani, imewekwa kwenye ghala la katekista penye baridi, tayari kwa Jumamosi.

"Mazuri," akasema Mama Bhoke. "Lakini yasife kabla ya Padri. Kwetu maua ya bibi harusi yakifa kabla ya kiapo, ndoa hiyo haina mtoto."

"Hayatakufa," akasema Mama Donatus.

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi. Padri atayakuta yamesimama."

Usiku huo mvua ikanyesha. Ikanyesha na Jumamosi. Mbuga nyeusi iliyo kati yetu na misheni ikageuka kuwa ugali, na habari zikaja kwa mtu aliyetembea kwa miguu kwamba pikipiki ya Padri imezama mpaka kwenye kiti na Padri mwenyewe amelala kwa mkulima mmoja, anasubiri maji yapungue.

Wageni walikuwa wamekwisha kufika. Ng'ombe alikuwa amekwisha kuchinjwa. Pombe ya mtama ilikuwa imekwisha kuiva, na pombe haijui kusubiri mapadri. Watu wakala, wakanywa, wakaimba, wakalala chini ya mikokoteni. Jumapili ikapita. Kila nilipopita kwa katekista nilimkuta Mama Bhoke mlangoni mwa ghala, amekunja mikono, anayatazama maua kama mtu anayemtazama mgonjwa wa mwisho wa ukoo.

Mama Donatus alipigana. Kila asubuhi alimwaga maji, akasugua mitungi kwa majivu, akakata ncha za mabua, akachuma lililokufa lisiambukize wenzake. Alikwenda chemchemi ya mbali, chini ya mawe, kwa sababu maji ya kisima chetu yalikuwa ya tope wakati huo wa mvua. Alinyeshewa hata akashikwa na mafua mazito, pua ikaziba kabisa. Maua yakakaa. Hata waliokuwa wakimcheka wakaanza kuja kuchungulia, na habari ya kwanza ya asubuhi pale kijijini ikawa, "Mwangaluka! Yameamkaje?"

Kosa moja alilifanya, nalo halikuwa lake peke yake. Ghala lile lenye baridi ndilo lililokuwa pia na mitungi ya pombe.

Jumatatu alasiri kelele zikapigwa: Padri amekuja! Amekuja kwa miguu, tope mpaka magotini, amebeba viatu mkononi. Akasema ndoa na misa vitakuwa kesho alfajiri, na kila anayetaka kukomunika aje kuungama sasa hivi, na kuanzia usiku wa manane asile wala asinywe chochote mpaka baada ya misa, maana ndiyo ilikuwa sheria ya siku zile. Mstari wa kuungama ukazunguka kanisa. Mama Donatus akajipanga, na kwa kuwa alikuwa na mengi, au kwa kuwa alipenda kuyaeleza vizuri, alikaa huko mpaka giza likaingia. Maua yakabaki bila muuguzi.

Yaliyotokea ghalani tuliyajua baadaye. Wa kwanza kuingia alikuwa Melania, jirani yake Mama Donatus, mwanamke wa moyo mzuri asiyependa kuona mtu anasaidia bila yeye kusaidia. Alikuwa amesikia kwamba sukari kidogo hutia maua nguvu. Ni kweli, Mama Donatus mwenyewe alikuwa akitia kijiko kimoja na matone ya limau. Melania hakuona sababu ya ubahili siku ya harusi. Akachota kwenye sukari ya chai ya wageni, akamimina kikombe kizima kila mtungi.

Wa pili alikuwa Mama Bhoke. Huyu hakutaka kuyatia maua nguvu, alitaka kuwatuliza wazee waliokwisha kulala, wasije wakaona wamesahauliwa katika ndoa ya mtoto wao. Akachukua kibuyu cha pombe pamoja na machicha yake, akanong'ona majina, akawamiminia. Kwa nini akawamiminia ndani ya mitungi ya maua? Alisema baadaye kwamba sakafu ilikuwa imefagiliwa vizuri, akaona haya kuichafua.

Alikuwapo na wa tatu, lakini huyo nitamfikia.

Kulipokaribia kupambazuka Mama Donatus aliingia ghalani na taa ndogo. Mitungi alikuwa ameivika vitambaa vyeupe. Aliona vichwa vya maua vimelegea kidogo, akadhani ni usingizi. Pua yake haikusikia kitu, na hata ingesikia, ghala lote lilinuka pombe. Akamwita katekista amsaidie kubeba. Marcel, mwembamba, mcha Mungu, mtu ambaye hakunywa hata siku ya Noeli, akaukumbatia mtungi mmoja kifuani kama mtoto, akaupeleka, akarudi kuuchukua wa pili. Kwa kuwa njia ilikuwa ya utelezi, maji yakaruka. Kanzu yake ikalowa kuanzia kifuani mpaka tumboni.

Kanisa likajaa. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, upande wa kushoto, karibu kabisa na altare, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Philomena aliingia na shela iliyoazimwa Geita, Athanas akiwa ameshikilia kofia yake kama usukani. Wasiobatizwa walisimama nje kwenye dirisha, na Nkwabi alikuwa wa mbele, kidevu kimewekwa juu ya fimbo.

Padri akatoka. Katekista akamsogelea amshikie kitabu. Padri akafungua mdomo aanze, akaufunga. Akanusa. Akamtazama Marcel. Akamsogelea tena, akanusa kifua chake.

"Marcel," akasema kwa sauti ya chini, lakini kanisa letu halikuwa na sauti ya chini, "umekunywa?"

"Mimi, Padri? Hapana, Padri!"

"Unanuka pombe. Leo. Siku ya ndoa ya mwanao. Na umefunga?"

"Nimefunga, Padri! Hata mate sijameza!"

Mke wa Marcel akajifunika uso. Philomena akaanza kulia chini ya shela. Kwenye benchi za wanaume mtu mmoja alisema, "Kumbe hata yeye," kwa sauti ya furaha. Padri alikuwa amekwisha kuinua kidole aseme neno zito, na hapo ndipo mtungi wa kulia ukacheua.

Sina neno lingine. Ulifanya *blup*. Povu likapanda taratibu kati ya mabua, jeupe, zito, likafika mdomoni mwa mtungi, likaanza kuteremka juu ya kitambaa. Ule wa kushoto ukaitikia. Na maua, mbele ya macho yetu, yalikuwa yameinamisha vichwa kila upande, mengine yameegemea wenzake, moja jekundu limelala kifudifudi juu ya altare kama mtu aliyeshindwa kufika nyumbani.

Mama Donatus akasimama. Alikuwa amekwisha kuelewa. Sauti yake ilijaa kanisa lote.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri!"

"Milele amina," Padri akajibu, kidole bado kiko hewani.

"Padri, katekista hana hatia. Walevi ni maua."

Nimeimba kwaya miaka mingi lakini sijasikia tena kanisa likicheka namna ile. Padri alikwenda, akachovya kidole katika povu, akanusa, akajizuia, ndevu zikaanza kutikisika. Akamshika Marcel begani akamwomba radhi mbele ya watu wote. Kisha akasema, "Basi, yatoeni nje. Tuendelee."

Mama Bhoke akainuka. "Padri, shikamoo. Hakuna kuendelea. Maua yamekufa kabla ya kiapo."

"Mama, huo ni ushirikina."

"Ni ushirikina, Padri, lakini ndivyo ulivyo."

Philomena akalia zaidi. Athanas akamwambia shangazi yake akae, naye hakukaa. Padri akatazama juu kwenye nyasi za paa kana kwamba angepata msaada huko. Ndipo Mama Donatus akaja mpaka mbele, akainua ua moja, akaliminya bua kwa vidole, akalitazama jinsi alivyotazamwa yeye mguu wake kule Kolandoto.

"Hayajafa," akasema. "Yana kiu. Yamekunywa vitu visivyonyweka. Padri, nipe nafasi niyaoshe. Leo utahubiri?"

"Kidogo tu. Watu wana njaa."

"Hubiri sana, Padri. Hubiri kabla ya kiapo. Hubiri kama ile siku ya Pentekoste."

Siku ya Pentekoste Padri alikuwa amehubiri mpaka wazee wawili wakalala na mmoja akaanguka. Alituangalia. Sisi sote, ambao hatukuwa tumetia kitu tumboni tangu jana yake, tukamwambia kwa sauti moja, "Hubiri, Padri!" Nadhani hakuwa amewahi kuombwa hivyo maishani mwake. Alifunga kitabu, akasafisha koo, akaanza na Adamu.

Mama Donatus akatoka na mitungi, mimi na Melania nyuma yake. Pale nje palikuwa na sufuria la maji ya chai, ya uvuguvugu tu, moto ulikuwa haujashika. Akalitwaa. Akamwaga uchafu wa mitungini, akasugua kwa majivu ya mafiga, akasuuza. Nkwabi alikuwa amekwisha kutoka dirishani, amesimama karibu, kisu chake kikali cha kuchunia ngozi kiko mkononi, hakuitwa na mtu.

"Kata ncha," Mama Donatus akamwambia. "Kwa mshazari. Yakate yakiwa ndani ya maji, yasimeze hewa."

Nkwabi akachuchumaa, mikono yake mikubwa ndani ya karai la maji yale ya uvuguvugu, akakata moja moja kwa uangalifu kama mtu anayemtoa mwiba ndama. Mama Donatus akayafunga kwa mafungu ndani ya majani ya mgomba ili vichwa visimame, akayazamisha mpaka shingoni. Kisha akauliza nani aliyetia nini. Melania akasema sukari, akaanza kulia. Mama Bhoke, aliyekuwa ametufuata, akasema pombe, hakulia.

Nkwabi akakohoa.

"Na wewe?" Mama Donatus akamgeukia.

"Kidonge kimoja tu."

"Kidonge gani?"

"Cha kichwa." Hakuinua macho kutoka kwenye karai. "Nilipita jana jioni. Nikaona yameinamisha vichwa. Nikadhani yanaumwa."

Mama Donatus alimtazama mumewe. Akampangusa tope shavuni kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye maua yake.

Ndani, Padri alikuwa amefika kwa Nuhu. Mvua ya Nuhu aliieleza vizuri sana, kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye matope yake mwenyewe. Alipoonekana anakaribia mwisho, Marcel, kwa mara ya kwanza katika ukatekista wake, aliinua mkono na kuuliza swali: je, nyuki nao waliingia safinani? Padri akamjibu kwa urefu. Mzee mwingine akauliza kuhusu samaki. Matumbo yalinguruma kanisa zima, lakini hakuna aliyesogea.

Akiwa kwa Abrahamu, Mama Donatus alifungua fungu la kwanza. Mengine hayakuamka, nayo aliyatupa bila maneno. Lakini mengi yalikuwa yamenyoosha shingo. Hayakuwa kama Ijumaa, hapana. Yalikuwa kama watu waliougua wakapona, wembamba kidogo, lakini wamesimama. Akayakusanya katika mtungi mmoja badala ya miwili, yaliyo imara zaidi akamfungia Philomena shada kwa uzi wa pamba, akaingia nalo mwenyewe akiwa amelishika mbele kama mshumaa.

Padri alimwona, akaachana na Abrahamu katikati ya safari.

Mama Bhoke aliinama juu ya shada, akalikagua ua kwa ua, akaligusa moja kwa kidole. Tukangoja. Akasema, "Yanapumua," akaenda kukaa. Wale wawili wakaapa, Athanas kwa sauti kubwa kupita kiasi, Philomena kwa sauti ambayo hata kwaya hatukuisikia, na misa ikaenda mpaka mwisho bila kitu kingine kutoa povu.

Mchana wake lori la Athanas likawashwa kwa kusukumwa na nusu ya kijiji. Philomena alikaa mbele, mtungi umebanwa kati ya magoti. Mama Bhoke alikaa nyuma juu ya magunia, lakini kabla ya kupanda alimpa Mama Donatus mkono wake mkavu akasema atamwita ikiwa mtoto atazaliwa. Hakusema "atakapozaliwa." Mama Donatus alikuwa ameshika dirisha la lori, anatembea nalo likianza kwenda.

"Athanas! Usiweke mtungi juani! Philomena, maji kila asubuhi, na mtungi uusugue! Msipite na ndizi mbivu humo ndani! Na wewe, mwanangu, akiinamisha kichwa usimpe dawa, kwanza muulize!"

"Nani, Mama? Ua au mke?" Athanas akapiga kelele, mwanya wake wote nje.

"Yeyote!"

Lori likapinda kwenye minyaa, likarusha tope, likaenda zake Geita. Mama Donatus alibaki katikati ya njia, mikono kiunoni, kanga imelowa mpaka magotini. Kisha akageuka akatuuliza kama nyama imebaki. Ilikuwa imebaki shingo tu, na Nkwabi alikuwa ameikalia asiichukue mtu.